Asiye na Kitu Asimwite

Machimboni hakukuwa na king'ora. Kilikuwapo zamani, kikalia msimu mmoja, betri yake ikaibwa, na tangu hapo kazi ya king'ora ikawa ya mwanamke mmoja mponda kokoto ambaye Mungu alimpa koo kubwa kuliko kimo. Walimwita Mama Mbiu. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na mumewe na kadi ya kliniki tu. Wengine wote walilisahau, na yeye mwenyewe ukimwita kwa jina hilo aligeuka kutazama ni nani aliye nyuma yake.

Siku za kawaida aliketi na wanawake wenzake kwenye lundo la mawe, amezungushia jiwe kipande cha mpira wa gari ili vipande visimrukie machoni, nyundo mkononi, akiponda na kupiga soga. Lakini siku ya kulipua mwamba ilikuwa siku yake. Fundi Baruti akishamaliza kushindilia baruti kwenye matundu na kuvuta waya mpaka kwenye kibanda cha zege kule juu, Mama Mbiu aliweka nyundo chini, akapanda jiwe bapa lililo ukingoni mwa shimo, akajaza kifua na kuita.

Hakuita "tokeni nyote". Mtu akiambiwa "nyote" hudhani anaambiwa mwenzake. Aliita mmoja mmoja, kwa majina ya utani ya pale pale: Katapila! Jicho la Kuku! Mama Pacha! Bwana Harusi! Na kila mmoja akifika juu alijibu kwa mdomo wake mwenyewe, "Nimetoka!" Kumjibia mwenzio ilikuwa marufuku. Hata kama umemshika mkono, hata kama ni mkeo, mwache ajibu. Jibu la mwisho likishapatikana, Mama Mbiu alimgeukia Fundi Baruti na kumwambia, "Wote wametoka." Hapo ndipo Fundi alipoweka kidole kwenye kitufe, wala si kabla.

"Mimi macho yangu yako kwenye waya," mzee huyo alizoea kusema. "Masikio yangu nimempa huyu mama."

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusalia chini. Mama Mbiu hakujigamba kwa hilo, kwa kuwa aliogopa kulitaja lisije likaharibika, lakini alilibeba moyoni kama ndoo iliyojaa maji, akitembea nalo taratibu. Akilala na siku imepita salama, alishukuru kwa sauti, na mumewe akavuta shuka masikioni.

Ndipo alipokuja mbwa.

Alikuja nyuma ya lori la kokoto, akitembea tu, kama mtu aliyetumwa mahali na kusahau alitumwa nini. Mbwa jike, rangi ya vumbi, sikio moja limechanika. Hakuwa mbwa wa mtu. Kila mtu machimboni alikuwa mwenye mbwa siku ya kucheka, na siku ya lawama hakuna aliyekuwa mwenye mbwa. Jina alilipata siku hiyo hiyo. Bwana Harusi alisema, "Tumepata mgeni," akamnyooshea mkono, "Mgeni njoo!" na wanawake wa kokoto wakadakia kwa pamoja, "Mwenyeji apone!" Ikawa ndiyo hivyo. Kila mbwa alipoitwa, kibwagizo kililetwa, na vicheko vikafuata.

Sasa sikiliza ujinga wa watu wa mawe. Dereva wa mashine ya kuchimbua, yule Katapila, alikuwa mcheshi wa kupindukia. Mchana akila, alifumba ngumi na kuita, "Mgeni njoo!" Mbwa alikuja mbio, mkia ukizunguka, pua mbele. Katapila akafumbua ngumi: kokoto. Watu wakafa kwa kicheko. Mbwa alinusa lile jiwe kwa adabu, akamtazama usoni kuhakikisha kama hakuna kilichosahaulika, kisha akaondoka. Kesho yake mwingine akafanya vile vile, keshokutwa mwingine tena. Mawe yalikuwa mikononi mwao siku nzima, kwa hiyo mzaha ulikuwa rahisi mno. Hata Mama Mbiu aliufanya mara moja, na alicheka sana.

Haukupita muda, mbwa akaacha kuja kwa mtu yeyote. Alikaa mbali, mahali ambapo jiwe la kutupwa halifiki, akangoja watu waondoke ndipo aje kulamba sufuria.

Wakati wa kulipua ulipofika, Mama Mbiu alipanda jiwe lake na kuita. Mbwa aliinua kichwa, akasikiliza kama anayesikiliza jambo jipya. Majina yakaisha, ukimya ukaingia, na ardhi ikapasuka. Mbwa alilia kilio ambacho hakuna aliyekuwa amekisikia kwa mbwa, akakimbia huku na huku kama aliyeungua.

Mara iliyofuata hakungoja ardhi ipasuke. Mama Mbiu alipofungua kinywa tu, jina la kwanza lilipotoka, mbwa alijua kinachofuata. Akakimbia. Lakini wakati watu wakikimbilia juu, yeye alikimbilia chini, moja kwa moja mpaka kwenye ufa ulio chini ya ukuta wa mwamba, akajipenyeza humo na kutulia. Juu ya ufa ule, ukuta mzima ulikuwa umejaa baruti.

Mama Mbiu aliliona hilo kutoka juu ya jiwe lake. Sauti yake, ambayo ilikuwa imetoa watu wote katika shimo lile kwa miaka yote ile, ilikuwa imemtia mbwa ndani.

Akashuka. Aliteremka ile njia ya mawe mbio, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, watu wakimpigia kelele arudi, akapita chini ya matundu yaliyoshindiliwa, akaingiza mkono ndani ya ufa, akamshika mbwa ngozi ya shingo na kumburuta mpaka juu. Fundi Baruti alikuwa ameondoa mkono wake kwenye kile kitufe na kuukalia.

Msimamizi wa machimbo alimwita Mama Mbiu pembeni. Alikuwa kijana mwenye adabu, na ndiyo sababu maneno yake yalichoma.

"Mama, wewe ni kama mama yangu, lakini nitasema. Ukishuka tena baruti ikiwa imeshawekwa, kazi ya kuita nitampa mtu mwingine. Na huyu mbwa nitampakia kwenye lori, akashushwe huko lori linakokwenda."

"Yeye hajui, bosi. Ni mnyama."

"Najua hajui. Na mimi sijui nitakwenda kumwambia nini baba watoto, kwamba mkewe amekufa akimfuata mbwa." Alitazama mawingu. "Mvua zinaanza. Hatulipui mpaka zikatike. Zikikatika tunaangusha ule ukuta mkubwa. Mpaka hapo huyu mbwa awe ametoka kwa kuitwa, kama watu. Asipotoka kwa kuitwa, basi."

Mama Mbiu alirudi kwenye nyundo yake. Haki ikiwa upande wa mwenzio hata hasira hukunyima.

Alijaribu njia zote za mkato, kama ambavyo ungejaribu wewe. Alimfunga kamba, na mbwa akaitafuna. Tangu siku hiyo, akiona mtu anakuja na mikono nyuma, alitoweka. Mama Mbiu akampeleka nyumbani kwake, akamwekea gunia chini ya dirisha, akamlisha chakula cha kushibisha mtu mzima. Asubuhi alipofika machimboni, mbwa alikuwa amefika kabla yake. Katapila akamtania: "Shemeji, Mgeni kakushinda. Amekuja kazini mapema kuliko wewe."

Jioni hiyo Mama Mbiu alirudi nyumbani amenuna. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Cherehani yake ilikaa kwenye chumba cha mbele, na kwa miaka mingi mkewe alikuwa akimwita kula kutoka jikoni kwa sauti iliyosikika mpaka kwa majirani wa nyumba ya tatu. Mume alikuwa na desturi ya kumalizia mshono kwanza. Wakati mwingine alimalizia nguo nzima.

"Siku zote naita watu wanakuja," Mama Mbiu alisema, akimenya viazi kwa hasira. "Huyu mbwa tu!"

Mumewe alikata uzi kwa meno. "Mama watoto, nikuambie kitu na usinirushie kiazi?"

"Sema."

"Wewe huiti. Wewe unatangaza."

Kiazi kilirushwa, ila si kwa nguvu. Mzee alikidaka, akacheka, akarudi kwenye cherehani yake. Lakini lile neno lilibaki jikoni. Mama Mbiu alimenya viazi vilivyosalia akilitafuna. Alikumbuka kwamba aliwahi kuwa na sauti nyingine. Aliitumia wanawe walipokuwa wachanga, wakati wa kuwaamsha wanyonye, sauti iliyotoka chini ya kifua bila kubebeshwa upepo. Watoto walikua, wakaoa na kuolewa, na ile sauti haikuwa na wa kuitwa nayo. Akaijaribu pale jikoni, peke yake, kwa aibu kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu cha ujana.

"Njoo," akasema. "Haya, njoo."

Cherehani ikanyamaza. Mlangoni alitokea mumewe, miwani imepanda kwenye paji la uso, nguo ya mtu bado iko mkononi na sindano inaning'inia.

"Umeniita?"

Walitazamana. Mama Mbiu alijikuta machozi yanamlengalenga, na hakuelewa ni ya nini. Miaka yote hiyo ya ndoa, na mara ya kwanza mtu huyu anaacha mshono katikati ni kwa sauti ambayo hata panya asingeistukia.

"Sikukuita wewe," alisema. "Lakini kaa. Kwa kuwa umekuja, kaa."

Kesho yake, mvua ikinyesha, watu wamejibanza chini ya turubai wakingoja ikatike, Mama Mbiu alisimama katikati yao.

"Nisikilizeni. Kuanzia leo huyu mbwa hakuna kumwita bure. Mwenye kitu amwite, ampe. Asiye na kitu asimwite. Hata kwa mzaha. Hata kibwagizo chenu cha mwenyeji apone, kila mtu akimeze."

"Hata mimi?" Katapila aliuliza.

"Wewe hasa! Wewe ndiye uliyemsomesha kwamba mkono wa mtu ni jiwe."

Watu walicheka. Katapila alicheka pia, kisha akaacha, akatazama kiganja chake kama aliyeoneshwa doa. "Basi nimekoma, shemeji," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

Mama Mbiu akaanza upya, kama mtu anayeponda jiwe kubwa: hulipigi katikati, unaanza pembeni. Siku za kwanza hakumwita kabisa. Aliketi kwenye lundo lake, akaweka kipande cha mfupa juu ya jiwe la jirani, akaponda kokoto zake akitazama kwingine. Mbwa alikuja mfupa ulipopoa, akauchukua na kukimbia nao. Siku zilizofuata hakukimbia mbali. Baadaye akawa anautafuna pale pale, jicho moja kwenye nyundo. Hapo ndipo Mama Mbiu alipoanza kusema, "Mgeni njoo," kwa ile sauti ya chini, wakati mbwa ameshaanza kuja mwenyewe, ili neno na mfupa vizoeane. Wenzake walimwona ana wazimu, maana alikuwa anamwita anayekuja.

Kisha, adhuhuri moja, mashine ya kusaga mawe imezimwa kwa chakula, mbwa alikuwa ng'ambo ya shimo, mgongo huku, pua imeelekea barabarani ambako lori lilikuwa linaondoka. Alikuwa ameshaanza kulifuata. Mama Mbiu alisimama. Hakupaza. Alisema tu, kama alivyosema jikoni:

"Mgeni njoo."

Shimo lilikuwa kimya, na mwamba ulilipokea lile neno dogo na kulivusha. Mbwa alisimama. Lile sikio zima likageuka kwanza, halafu kichwa, halafu mwili.

Hebu fikiri. Mbwa yule alikuwa na miguu minne, na machimbo hayana ua. Barabara ilikuwa wazi mpaka mwisho wa dunia, hakuna kamba wala mlango, na watu walikuwa wamemdanganya mara zisizo na idadi. Hakuwa na deni kwa mtu yeyote. Naye aligeuka akaja. Alishuka ng'ambo, akapotea machoni, akaibuka upande huu, akapanda njia ya mawe masikio yamelala kwa mbio, mpaka akafika na kuweka kidevu chake, chenye matope, kwenye goti la Mama Mbiu.

Wanawake wa kokoto waliacha kutafuna. Mama Mbiu alimpa mfupa, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akastaajabu. Alikuwa ameona milima ikianguka kwa kidole cha mzee mmoja. Haikuwahi kumtetemesha hivi. Kuna kitu gani ndani ya kiumbe kinachosikia jina lake kikaiacha dunia yote kwa ajili yake? Aliogopa, ile hofu nzuri anayoipata mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa mwenziwe amshike.

Ilibaki kazi ngumu zaidi, mbiu yenyewe. Kwa hiyo kila adhuhuri, bila baruti yoyote, Mama Mbiu alipanda jiwe lake, akaita majina yote kwa lile koo lake kubwa, na watu, wengine wakinung'unika kwamba sasa wanakula kwa kuitwa kama wanafunzi, walipanda juu na kujibu, "Nimetoka!" Jina la mwisho likiisha, alishusha pumzi, akabadilisha sauti, akamwita Mgeni. Siku za mwanzo mbwa alikuwa ameshajichimbia kwenye ufa mwingine aliojipatia chini ya ukuta mkubwa na hakuonyesha hata pua. Mama Mbiu hakukasirika. Aliacha mfupa juu ya jiwe bapa, na watu wote, hata Msimamizi, walingoja chakula kikipoa. Ndipo siku moja pua ilionekana. Siku nyingine kichwa. Mwishowe mbwa akawa anatoka ufani akitetemeka mwili mzima, akipanda njia huku mkia umebanwa tumboni, akija kule kule kunakotoka ile sauti anayoiogopa, kwa sababu ndani ya sauti hiyo alikuwa ameitwa.

"Huyu anaogopa kuliko sisi sote," Fundi Baruti alisema siku hiyo, akiangalia pembeni, "na anakuja kuliko sisi sote."

Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho wakati wanawake walipogundua kwamba tumbo la Mgeni limeshuka. "Mgeni kaja na wageni," Mama Pacha alisema. Mama Mbiu alimpapasa mbavu akahesabu siku vibaya, kama mama wakwe wanavyohesabu siku zote, akasema bado kitambo.

Jua likatoka. Ardhi ikakauka. Ukuta mkubwa ukatobolewa matundu kutoka upande mmoja mpaka mwingine, na Fundi Baruti akashinda humo tangu alfajiri, akishindilia kwa fimbo yake ya mti kama bibi anayetwanga. Siku nzima Mgeni hakuonekana. Mfupa wa asubuhi ulibaki juu ya jiwe na sisimizi wakaukuta.

Mashine zikazimwa. Barabara ikafungwa kwa mapipa. Mama Mbiu akapanda.

Aliita Katapila, akajibu. Jicho la Kuku akajibu. Mama Pacha, Bwana Harusi, wapakiaji, madereva, wanawake wa kokoto, mmoja mmoja, kila mmoja kwa mdomo wake. Msimamizi mwenyewe aliitwa, naye akajibu kama wengine. Mama Mbiu akashusha pumzi mpaka akaikuta ile sauti.

"Mgeni njoo."

Chini, ndani ya ufa, pua. Kichwa. Mgeni akatoka nje, na kila aliyekuwa ukingoni aliona kwamba tumbo lake halipo tena, limekuwa ngozi inayoning'inia. Alipiga hatua kadhaa kuelekea kwenye njia. Akasimama. Akatazama juu alipo Mama Mbiu. Akatazama nyuma. Akarudi ndani.

"Amezaa," Mama Pacha alinong'ona. "Jamani, amezaa humo."

Msimamizi alijifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya, nimeshasema. Lakini mwamba uliojaa baruti si kitu cha kuachwa kikingoja, na jua lilikuwa linayapiga yale matundu ya baruti. "Mama," alisema kwa upole, "umejitahidi. Sote tumeona. Sasa sema neno, tumalize."

Neno lenyewe lilikuwa "wote wametoka". Fundi Baruti hakugeuka. Mkono wake ulikuwa kando ya kitufe, haukigusi, na masikio yake yalikuwa pale yalipokuwa siku zote. Mama Mbiu alijua angelisema, mzee angebonyeza, kwa kuwa hakuwahi kumtilia shaka. Alijua pia kwamba akilisema, hatasimama tena juu ya jiwe lile, hata wakimbembeleza, kwa sababu kuanzia siku hiyo neno lake lingekuwa kokoto ndani ya ngumi. Miguu yake ilitaka kushuka. Aliikaza. Angeshuka, mbwa angepakiwa kwenye lori na watoto wake wangebaki.

"Niachie nimwite mara moja tu, bosi," alisema. "Moja."

Msimamizi alitazama ukuta, akatazama watu. Akaitikia kwa kichwa.

Mama Mbiu hakuongeza sauti. Aliipunguza. Aliita kama alivyowaita wanawe kwenye giza la alfajiri ya maisha yao, wakati mama na mtoto hawajui kama ni wawili.

"Mgeni. Haya, njoo."

Kitambo kikapita. Kisha Mgeni akatoka ufani, na mdomoni alikuwa amebeba kitu.

Mbwa alikuja polepole, kichwa amekiinua ili mzigo usiburuzwe kwenye mawe, akapanda ile njia, akapita katikati ya miguu ya watu bila kumtazama yeyote, akafika kwenye jiwe bapa na kumweka mtoto juu ya miguu ya Mama Mbiu. Kiumbe cha ukubwa wa ngumi, macho yamefungwa, kimelowa. Mama Mbiu alimnyooshea mfupa. Mgeni hakuuangalia. Aligeuka na kushuka tena, mbio sasa, kuelekea chini ya ukuta wenye baruti, peke yake, bila kuitwa.

Akarudi na wa pili. Akashuka. Katapila, mcheshi yule, alivua kofia akaishika kifuani na hakujua kwamba ameivua. Mama Mbiu alikuwa amefungua kitenge chake na kukitandika, akiwapanga juu yake. Akaja wa tatu. Kila mara Mgeni alifika juu anahema, akamtazama Mama Mbiu usoni, akaondoka. Na kila mara aliposhuka watu wote wale, waliokuwa wamevunja mawe maisha yao yote, walishika pumzi mpaka alipotokea tena. Mama Mbiu alitamani kupiga magoti. Alikuwa amemwita mbwa mmoja, naye alikuwa anamletea wote aliokuwa nao.

Alipokuja na wa mwisho hakuondoka. Alimlaza pamoja na wenzake, akawanusa wote, akajizungusha na kulala juu ya kitenge akiwakinga kwa mgongo wake. Ndipo alipounyoosha mdomo, akauchukua mfupa kwenye mkono wa Mama Mbiu.

Mama Mbiu alimgeukia Fundi Baruti. Alifungua kinywa, na lile koo lililokuwa likisikika nyumba ya tatu halikutoa kitu. Alijaribu tena. "Wote..." alisema, sauti ikakatika.

Mzee aligeuka kwa mara ya kwanza. Uso wake mkavu ulikuwa umelowa mpaka kwenye ndevu, lakini sheria ilikuwa sheria. "Na hao wadogo?" aliuliza. "Machimbo haya hatujibiani. Wamejibu?"

Juu ya kitenge, mtoto mmoja aliyekuwa amekosa ziwa akafungua kinywa chake kisicho na meno akalia, kilio chembamba kama uzi. Mwingine akamfuata. Kisha wote.

"Umewasikia?" Mama Mbiu akasema.

"Nimewasikia," alisema Fundi Baruti, na akaweka kidole chake kwenye kitufe.